Kutoa dawa kwa usalama: kutoka rafu hadi mkononi mwa mgonjwa

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajahudumiwa, mtoa dawa asome kipimajoto cha chumba na cha jokofu na kuandika vipimo daftarini. Insulini na oksitosini (dawa ya kuzuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua) huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na insulini iliyowahi kuganda itupwe hata kama imeyeyuka na kuonekana safi. Rafuni, dawa inayokaribia kwisha muda wake ikae mbele na mzigo mpya uingie nyuma. Zinazofanana majina zitenganishwe: klorofeniramini ni ya mzio ilhali kloropromazini ni ya magonjwa ya akili, na kuziweka jirani ni kujitafutia balaa.

Cheti cha dawa kikifika, uliza umri, mzio, dawa nyingine anazotumia mgonjwa na, kwa mwanamke, kama ni mjamzito. Swali hili la mwisho wengi hulionea haya bila sababu. Mtoto apimwe uzito papo hapo, usikisie kwa macho. Kwa malaria iliyothibitishwa kwa kipimo, dozi moja ya ALu (dawa mseto ya artemetha na lumefantrini) ni kidonge kimoja kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15, viwili kwa kilo 15 hadi chini ya 25, vitatu kwa kilo 25 hadi chini ya 35, na vinne kuanzia kilo 35. Akimeza dozi ya kwanza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta.

Amoksilini ya unga, antibiotiki ya watoto inayochanganywa na maji, inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa chupa ya miligramu 125 kwa mililita 5 hufanana sana na ile ya 250, na ukichukua isiyo yake dozi itakuwa maradufu au nusu. Soma lebo unapoitoa rafuni na tena unapomkabidhi mama. Mwelekeze atikise unga uachane, aongeze maji yaliyochemshwa na kupoa hadi karibu na alama, atikise, asubiri povu litulie, kisha ajazie. Vijiko vya nyumbani havilingani, hivyo mpe kipimo cha mililita, na uandike kwenye chupa tarehe ya kuitupa kama lebo inavyoelekeza.

Bahasha iliyoandikwa 2×3 kwa haraka inaeleweka kwa mtoa dawa kuwa viwili mara tatu kwa siku, lakini aliyeko nyumbani anaweza kuisoma kuwa vidonge viwili kwa siku tatu. Andika jina la mgonjwa, jina na nguvu ya dawa, kisha saa zenyewe, kwa mfano: «Kapsuli 2 saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, kwa siku 5». Halafu mwombe mgonjwa akueleze atakavyoitumia. Foleni ikiwa ndefu hatua hii ndiyo huachwa kwanza, na kwa maoni yangu ni heri foleni isubiri.

Mgonjwa akirudi na vipele, uvimbe wa uso au shida ya kupumua, asimamishe dawa hiyo na apelekwe kituo cha afya mara moja. Nchini Tanzania, taarifa ya madhara hupelekwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), ikitaja jina la dawa na namba ya toleo iliyo kwenye pakiti.