Ripoti ya maabara ianzie kwenye matokeo

Mwalimu mwenzangu wa sayansi, usiwaanzishe wanafunzi na "Lengo" na "Vifaa". Hizo watazinakili ubaoni bila kufikiri. Waanze kuandika palepale mezani, jaribio likiendelea, kwenye jedwali la safu mbili: nilichokiona, na maana yake.

Chukua kipimo cha wanga. Mwanafunzi anadondoshea iodini kwenye kipande cha muhogo, halafu safu ya kwanza anaandika "kuna wanga". Mrudishe. Alichokiona ni rangi ya kahawia kugeuka bluu-nyeusi. Wanga ni hitimisho, unakaa safu ya pili. Akijaribu ute wa yai asiandike "hakuna kitu", aandike kwamba iodini imebaki kahawia. Kipimo cha Benedict, kile cha kutambua sukari kwa kimiminika cha bluu, ndicho cha kukazania hasa: sukari ikiwa nyingi, mchanganyiko ukipashwa moto hutoka bluu, hupita kijani, njano na chungwa hadi wekundu wa matofali, na wengi huandika rangi ya mwisho tu.

Hatua zifuate baadaye, kwa wakati uliopita na kwa vipimo: "niliweka matone 3", wala si "iodini kidogo". Kisha wabadilishane madaftari. Jirani akishindwa kulirudia jaribio kwa kusoma tu, kuna hatua imerukwa.