Manifoldi ya ekzosi: ya kiwandani au nakala? Ikague hivi kabla hujalipa

Tuanze na hili: kwa manifoldi, kile kipande kinachofungwa kwenye injini kukusanya moshi wake, hapa Mombasa kutu si ushahidi. Upepo wa chumvi hula chuma kipya kilichoachwa uani msimu mmoja tu, ukadhani kilishuka Kilindini enzi za wazee. Muuzaji akikwambia "Orijino hii, mzee, tazama kutu yake", mwitikie kwa heshima, kisha toa vifaa vyako: chaki, sumaku, tochi, tupa ndogo, brashi ya waya, rula ya chuma na mafuta taa kidogo.

Hatua ya 1: Jua kiwanda kilifunga nini

Magari mengi ya zamani tunayoyafufua pwani, kama Datsun 1600 SSS, Peugeot 504 na Land Rover za Series, yalitoka kiwandani na manifoldi ya kasti, yaani chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Heda, ile mirija iliyochomelewa, mara nyingi ilinunuliwa baadaye na wenye hamu ya mwendo. Kwa hiyo ukiuziwa "heda orijino ya SSS", muulize: orijino ya nani? Tangu Edgar Herrmann aliposhinda Safari Rally ya 1970 na Datsun 1600 SSS, jina hilo linapandisha bei ya kila kipande.

Weka mafungu matatu kichwani: ya kiwandani, ya duka la zama zile, na nakala ya leo. Fungu la pili lina thamani yake, hasa kwa anayejenga gari la mashindano, ila lisiuzwe kwa jina la fungu la kwanza.

Hatua ya 2: Sumaku na tupa

Sumaku ikiteleza kwenye mirija, hiyo ni stenlesi kama ya daraja la 304, na kwa gari la kawaida la miaka ya 1960 hapo pana swali. Ikishika, bado hujajua kitu, maana hushika kasti, chuma cha kawaida na hata stenlesi ya daraja la 409.

Sasa piga tupa mara mbili tatu mahali pasipoonekana, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kasti hutoa unga mweusi unaochafua vidole. Chuma cha kawaida hutoa vinyuzi vinavyong'aa.

Hatua ya 3: Soma namba

Hapa usiwe na haraka. Safisha kwa brashi, kisha pitisha chaki ubapa juu ya maandishi yaliyoinuka. Yatatokea meupe, hata yale usiyoyaona kwa macho. Usikubali kisafishwe kwa mchanga unaorushwa na mashine ya upepo kabla ya hatua hii, maana mchanga hufuta nusu ya habari.

Ford za Marekani hubeba 9430 au 9431 katikati ya namba, na kabla yake herufi ya mwongo (miaka kumi) na tarakimu ya mwaka: C5 ni 1965, D0 ni 1970. Chevrolet na ndugu zake za GM huwa na tarehe ya kumiminwa: A ni Januari hadi L Desemba, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. C 12 8 inaweza kuwa 12 Machi 1968. Tarehe hiyo lazima itangulie ya kuundwa kwa gari. Ikiwa manifoldi ni changa kuliko gari, ilibadilishwa.

Lakini namba nayo hunakiliwa. Anayetumia manifoldi halisi kama kielelezo cha kalibu hunakili na maandishi yake, na kasti ikipoa hupungua takriban asilimia 1. Kipande cha sentimita 40 hupoteza kama milimita 4, na herufi hutoka butu kama sabuni iliyotumika. Pima mwili wenyewe, usipime matundu ya bolti, kwa kuwa hayo hutobolewa baadaye yakae sawa na injini. Kipande unachojua ni halisi kikiwa karibu, viweke sambamba. Rula itakwambia zaidi ya muuzaji.

Hatua ya 4: Flenji na ndani

Manifoldi iliyofanya kazi ina alama ya gasketi kwenye uso wa flenji, yaani bamba linalobana injini, na masizi ndani ya njia za moshi. Kutu iliyotandazwa sawasawa kila mahali, hata pale gasketi ilipokaa, huenda ililetwa na maji ya chumvi na siki. Kwenye heda, kagua ukingo wa flenji: mistari myembamba ya wima ni kazi ya leza, basi usiambiwe ni ya 1970.

Jaguar za injini ya XK zina dalili yao: manifoldi zake za kasti nyingi zilipakwa enameli nyeusi iliyochomwa tanurini. Mabaki yake hujificha kwenye mikunjo.

Hatua ya 5: Tafuta ufa

Halisi si lazima iwe nzima. Paka mafuta taa, subiri, futa hadi pakauke, kisha paka chaki. Penye ufa mafuta hutoka na kuchora mstari. Usikikatae kipande kwa sababu hiyo, shusha bei. Fundi mzuri atakipasha moto kwanza, atachomelea kwa fimbo za nikeli, kisha atakifukia kwenye majivu makavu kipoe taratibu hadi kesho yake. Akikimwagia maji, kitapasuka pembeni ya alipochomelea.