Usiweke Alama kwenye Kisanduku Hicho: Kucha za Paka Ughaibuni

Kwa Kiswahili, kukata kucha ni kukata kucha: mkasi, dakika tano, na zinaota tena. Hapo ndipo wengi wetu walioko Marekani wananaswa. Unampeleka paka kliniki kufungwa kizazi, unapewa fomu, na katikati ya mistari kuna kisanduku kimeandikwa “declaw”. Kwa kuwa paka atakuwa keshalazwa kwa nusukaputi, bei ya kufanya yote mawili kwa mkupuo inaonekana nafuu. Unaweka alama ukidhani atapunguzwa makucha. Jioni unakabidhiwa mnyama mwenye bandeji miguu ya mbele, na jambo hilo halina marekebisho.

Neno “declaw” maana yake ni kukata pingili ya mwisho ya kila kidole. Ukucha wa paka umeota kwenye mfupa wenyewe, kwa hiyo ili usiote tena lazima mfupa uondoke. Miguu ya mbele ina vidole vitano kila mmoja; hiyo ni mikato kumi. Tazama kidole chako, kuanzia kiungo cha mwisho hadi nchani: kipande hicho ndicho kinachoachwa mezani. Wakikwambia watatumia leza, jua kwamba leza hupunguza damu tu, kinachokatwa ni kilekile. Wakikupa njia “laini” ya kukata kano badala ya mfupa, kataa pia: ukucha unabaki na kuendelea kukua, paka hawezi kuuchomoza wala kuunoa, unanenepa na kupinda hadi kutoboa nyayo.

Kipande cha mfupa kikisalia ndani, ukucha mbovu unaweza kuota chini ya ngozi na kutunga usaha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipiga picha za eksirei miguu ya paka waliokatwa, na asilimia 63 walikuwa na mabaki hayo. Halafu fikiria choo chake. Mchanga unamchoma kidonda, anaanza kuuogopa, na anahamia kwenye zulia. Na paka aliyenyang'anywa kucha silaha yake ni meno. Jeraha la meno huzama kuliko mparuro. Yaani mtu amelipa ili aokoe sofa, akapata mikojo sakafuni na kung'atwa mkono.

Mtego wa pili uko kwenye mkataba wa pango, pale mwenye nyumba anapotaka paka asiwe na kucha. Usisaini kabla ya kujua sheria ya jimbo. California imewakataza wenye nyumba kudai hivyo tangu 2013. Upasuaji wenyewe, usipokuwa wa tiba, umepigwa marufuku New York tangu 2019, Maryland 2022 na Virginia 2024. Kwa Kanada, Nova Scotia ilianza 2018 na Quebec ikafuata 2024. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya hairuhusiwi. Kwingineko inakoruhusiwa, mwandikie mwenye nyumba umpe ahadi ya vifuniko vya plastiki vya kucha na nguzo ya kuparuria, na majibu yake uyapate kwa maandishi. Inauma kuona jamii inayomkatia paka bima ya matibabu ikikubali vidole vyake viwe bei ya zulia, na mgeni asidhani kila linalouzwa kliniki limeshapimwa na dhamiri ya mtu.

Mama anayekuja kulea mjukuu atasema, “Hizo kucha zitoe, zitamtoboa mtoto jicho.” Mama, hofu yako tunaielewa, lakini dawa yake ni kucha butu na mlango wa chumba cha mtoto uliofungwa. Hata kwa wenye kinga dhaifu ya mwili, miongozo ya afya ya Marekani haishauri upasuaji huu.

Kuparura si ukorofi. Ukucha hukua kwa maganda kama kitunguu, na kuparura ndiko kunakovua ganda la nje. Paka hapo hapo ananyoosha mgongo na kuacha harufu ya tezi za nyayo. Basi mpe pa kuparura. Nguzo iwe na urefu wa sentimita 80 au zaidi, ajinyooshe wima, na kitako kizito. Ikiyumba mara moja tu, anaweza kuisusa kabisa. Izungushie kamba ya mkonge ya milimita 8 hivi, mizunguko ikigusana, na usitumie zulia, kwani hatajua kwa nini hili ruksa na lile la sebuleni mwiko. Kosa kubwa ni kuificha kona ya stoo. Isimamishe ikigusa mkono wa sofa anaouharibu, au anapolala, maana paka akiamka huparura. Sofa libandike utepe wenye gundi pande mbili. Akishazoea, sogeza nguzo sentimita chache kwa siku. Anayependa kuparura chini mlazie kipande cha boksi.

Kukata kucha, kwa maana yetu halisi, ni kila wiki mbili. Bonyeza kidole juu na chini, ukucha utatokeza. Kata ncha inayopitisha mwanga, ukiacha milimita 2 kabla ya sehemu ya waridi yenye damu na neva. Ikitoka damu, bana kwa unga wa wanga wa mahindi. Usisahau ukucha wa tano, ule wa ndani usiogusa sakafu. Hupinda ukaingia nyamani. Vifuniko vya plastiki hubandikwa kwa tone moja la gundi baada ya kukata, na hudumu wiki nne hadi sita.

Kliniki, mwambie daktari kwa mdomo: kufunga kizazi tu, kucha ziachwe. Kisha chora mstari juu ya kisanduku kile na usaini pembeni. Simu ikipigwa asubuhi ya upasuaji kuuliza “huduma za ziada”, jibu ni hapana. Na ukimchukua paka ambaye tayari alikatwa, chooni mwake tumia mchanga laini uliotengenezwa kwa karatasi, na uombe eksirei ya miguu ya mbele.