Kompyuta Ikikukatalia Kugusa Akaunti, Usikimbilie Kupiga Windows Upya

Mbukwenyi ndugu zangu. Somo la leo limetokea kwenye steshenari moja ya hapa Dodoma mjini. Mwenye duka alitaka kumfungulia akaunti kijana mpya wa kaunta. Akaandika amri ya net user, kompyuta ikamjibu: "System error 5 has occurred. Access is denied." Fundi wa kwanza kuitwa akasema Windows imekufa, ipigwe upya. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inataka muhuri tu.

Nasema muhuri kwa sababu ndivyo mambo yalivyo. Mwenyekiti wa mtaa ni mwenyekiti hata akiwa soko la Majengo ananunua mlenda, lakini barua yake isiyo na muhuri benki hawaipokei. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, msimamizi akiingia kwenye kompyuta anapewa vibali viwili: kimoja kamili, kingine kimepunguzwa nguvu. Programu zote anazofungua zinatumia hicho kilichopunguzwa, mpaka yeye mwenyewe aombe kile kamili. Kwa hiyo unaweza kuwa msimamizi halali na bado ukakataliwa. Namba 5 haisemi kwamba una virusi wala diski mbovu. Inasema huna ruhusa, basi.

Tuanze. Bonyeza Start, andika cmd, halafu usibonyeze Enter peke yake. Bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Anayependa mausi abonyeze kitufe cha kulia na kuchagua "Run as administrator". Ni kitu kilekile.

Hapa skrini itafifia na kukuuliza. Tulia uisome, maana swali lenyewe ni kipimo. Ikikuuliza ndiyo au hapana tu, akaunti yako ni ya msimamizi na tatizo lako limeshakwisha nusu. Ikikudai nenosiri, wewe ni mtumiaji wa kawaida, na hakuna amri nitakayokufundisha ya kuzidi hapo; mtafute mwenye nenosiri la usimamizi.

Dirisha jeusi likifunguka, angalia juu kabisa: lazima jina lianze na neno Administrator. Ukitaka uhakika zaidi, andika:

whoami /groups

Shuka mistari ya mwisho. Ukiona "High Mandatory Level", una kibali kamili. Ukiona "Medium", umefungua dirisha la kawaida. Lifunge, rudi mwanzo. Watu wengi wanarudia amri ileile mara kumi kwenye dirisha lilelile lisilo na nguvu, kisha wanailaumu kompyuta.

Sasa tazama nani ni nani:

net user
net localgroup Administrators

Ya kwanza inaorodhesha akaunti zote, ya pili wasimamizi tu. Kwenye ile steshenari wasimamizi walikuwa wanne, wawili wakiwa vijana walioacha kazi zamani. Hilo lilinitisha kuliko kosa lenyewe.

Kufungua akaunti mpya:

net user kaunta * /add

Ile nyota inaifanya kompyuta ikuulize nenosiri bila kulionyesha. Ukiliandika kwenye mstari wa amri, aliyesimama nyuma yako akisubiri fotokopi analisoma. Akaunti hiyo itakuwa ya kawaida, na iache hivyo. Mtu wa kaunta anaprinti na kuskani. Usimamizi wa nini?

MASWALI

Swali kutoka Kongwa: Kijana wangu, nimefuata yote, inanidai nenosiri. Kompyuta ni ya shule, mimi ni mwalimu wa taaluma. Nifanyeje?

Shikamoo mwalimu. Hapo kompyuta haina kosa, akaunti yako ni ya kawaida. Mwone aliyekabidhiwa kompyuta za shule, akuwekee yeye. Na kama kompyuta zenu zinasimamiwa kwa pamoja na seva, net user tupu inagusa akaunti za mashine hiyo moja tu. Za kwenye seva zina msimamizi wake.

Swali kutoka Nkuhungu: Kaka, nilifuta akaunti ya kaunta kwa net user kaunta /delete, nikaifungua tena kwa jina lilelile nikijua faili zitarudi. Sasa folda ya zamani inanikatalia. Jina si ni lilelile?

Dada, jina ni lilelile, mtu si yuleyule. Windows haimtambui mtu kwa jina, inamtambua kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na ukifuta akaunti namba hiyo haitolewi tena. Habari njema ni kwamba amri hiyo haifuti folda. Ukiwa kwenye dirisha lenye kibali kamili, na ukiweka jina la akaunti yako mahali pa meneja:

takeown /f C:\Users\kaunta /r /d y
icacls C:\Users\kaunta /grant meneja:F /t

Ya kwanza inakupa umiliki, ya pili ruhusa. Kisha nakili nyaraka na picha tu. Tafadhali, usizielekeze amri hizi kwenye C:\ yote wala folda ya Windows. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza wa ufundi, na siku hiyo kweli nililazimika kupiga Windows upya.

Swali kutoka Mpwapwa: lusrmgr.msc, lile dirisha la kusimamia akaunti, inagoma kufunguka kabisa.

Una Windows ya toleo la Home, mkuu. Haina kifaa hicho. Tumia net user, au andika netplwiz.

Swali kutoka Kisasa: Kwa nini tusizime hilo swali la ndiyo na hapana likatuondolea usumbufu?

Kwa sababu flashi za wateja. Programu chafu ikiingia na kutaka kibali kamili, swali hilo linakupa nafasi ya kusema hapana.

Swali kutoka Nkuhungu tena: Imekubali kaka, nyaraka nimezipata. Sasa kijana amesahau nenosiri lake, nimbadilishie kwa net user?

Muulize kwanza kama aliwahi kufunga faili zake kwa usimbaji (encryption) wa Windows wenyewe, ule unaofanya mtu mwingine asiweze kuzisoma. Msimamizi akilazimisha nenosiri jipya, faili hizo huenda zisifunguke tena, na manenosiri aliyohifadhi yanaweza kupotea. Kama hana za hivyo, andika net user kaunta * uendelee. Akilikumbuka la zamani, abadilishe mwenyewe kwa Ctrl, Alt na Delete. Hapo hapotezi kitu.