Grupu likikua, usifungue mlango wote

Ma-admini wenzangu, grupu la WhatsApp siku hizi linabeba watu 1,024, ila si lazima ulijaze. Letu la wafuga kuku lilikuwa tamu tulipokuwa 40 hivi. Tulipomwaga linki kila mahali, yakaja maua ya "asubuhi njema" na matangazo ya mikopo, na wazee wenye uzoefu wakanyamaza.

Washa idhini ya admini kwa wanaojiunga, kisha ingiza watu 5 au 6 kwa wiki, waone kwanza wenzao wanavyoongea. Mgeni akiandika tu "jamani kuku wangu wanakufa", usimfokee. Muulize hapohapo: wana umri gani, kinyesi rangi gani, chanjo ya kideri walipata lini? Wakishaona maswali hayo mara tatu nne, utashangaa wanaanza kuulizana wenyewe.

Ujumbe wa hovyo ufute, mwenyewe mfuate inboksi kwa upole (ukimsema hadharani mtabishana mpaka magharibi). Na yule mzee aliyenyamaza, swali la fani yake likija, mwite kwa jina: "Mzee, hili lako."