Umeumia Kazini? Jinsi ya Kudai Fidia WCF

Bosi akikwambia "tutamalizana wenyewe, hospitali nitalipa mimi", mshukuru, halafu endelea na taratibu zako. Mkono ulioumizwa na mashine leo unaweza kukusumbua miaka mitatu baadaye, na wakati huo bosi huyo huyo hapokei simu. Tanzania Bara, fidia ya aliyeumia, kuugua au kufariki kwa sababu ya kazi hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), awe wa serikalini au wa kampuni binafsi.

Siku ya ajali. Mwambie msimamizi wako siku hiyo hiyo, kisha mtumie na ujumbe kwenye simu: saa ngapi, wapi, ulikuwa unafanya nini, nani ameona. Hospitali, mweleze daktari kwamba umeumia ukiwa kazini na uhakikishe ameliandika hilo. Usilidharau. Cheti kikisema "jeraha la mkono" tu, bila kutaja kazi, utakuja kubishana na karatasi, na karatasi haibishiki. Ajali ikiwa ya barabarani, pitia polisi uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu.

Zamu ya mwajiri. Ana siku 7 za kuitaarifu WCF. Mwombe nakala ya alichotuma. Akikuzungusha, nenda mwenyewe ofisi ya Mfuko na ushahidi ulio nao.

Nyaraka. Weka pamoja kitambulisho, mkataba wa ajira, karatasi za mshahara, ripoti za daktari tangu ya kwanza, karatasi zote za ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi), risiti za matibabu na namba ya akaunti ya benki. Piga nakala kabla ya kukabidhi chochote.

Muda. Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Wengi husubiri wapone kwanza. Usisubiri, ripoti za baadaye zitaongezwa kwenye faili lako.

Sasa maswali.

*Nikiwa ED nitalipwa?* Ndiyo. Malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara wa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 anapata 420,000.

*Na nisipopona kabisa?* Matibabu yakifika mwisho, hufanyika tathmini ya ulemavu. Ulemavu ukiwa mdogo, unalipwa kwa mkupuo. Ulemavu ukizidi asilimia 30, unalipwa pensheni kila mwezi. Mfuko pia una huduma za utengamao (za kukusaidia kurudi kazini na kwenye maisha ya kawaida), na malipo ya anayekuhudumia ikiwa huwezi kujihudumia.

*Ajali ilikuwa uzembe wangu.* Fidia hii haidai uthibitishe kosa la mwajiri. Kukosea kidogo kazini, kama binadamu, hakukufungii mlango.

*Mwajiri hajajisajili.* Haki yako iko palepale. Hilo ni deni lake kwa Mfuko, halikuhusu.

*Mbona nakatwa WCF kwenye mshahara?* Hupaswi kukatwa hata senti. Mchango ni wa mwajiri peke yake. Ukiyaona makato hayo, peleka karatasi hiyo ya mshahara WCF.

*Sikubaliani na asilimia ya ulemavu niliyopewa.* Andika barua kwa Mkurugenzi Mkuu kuomba mapitio, mapema, na uambatishe ripoti ya daktari. Ieleze kazi ambayo mkono huo hauwezi tena: kubana spana, kunyanyua gunia, kushika kalamu. Neno "naumwa" peke yake halimpi mtathmini cha kupima.