Ushauri wa Mbwa: Namna ya Kuuchuja Kabla ya Kuufuata

Jirani yangu hapa Ntinda, Kampala, aliletewa mtoto wa German Shepherd, na wiki haikuisha kabla hajapata washauri wengi kama kamati ya harusi. Mwenye bucha alisema posho (ugali wa mahindi) na mapafu vinatosha. Mlinzi wa geti akashauri pilipili ili awe mkali. WhatsApp wakaleta unga wa kalsiamu. Utaratibu tulioutumia kuwachuja ni huu.

Hatua ya 1: Mpime

Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Andika uzito, umri na anachokula sasa. Mtu anayetoa ushauri bila kuuliza mambo hayo matatu, mshukuru uendelee na safari.

Hatua ya 2: Jua anayesema ni nani

Daktari wa mifugo anatakiwa awe amesajiliwa na Uganda Veterinary Board. Mwombe cheti, daktari wa kweli hakasiriki. Kwenye maduka ya dawa za mifugo, anayekuhudumia huenda ni muuzaji tu, hata akivaa koti jeupe. Mkufunzi mzuri naye anaweza kuwa hajui lolote kuhusu lishe.

Hatua ya 3: Pima ushauri wa chakula

Hapa ndipo tulipomaliza jioni nzima.

Anza na swali moja: "Gramu ngapi, kwa mbwa wa kilo ngapi?" Jibu likiwa "mpe tu ashibe", hujapata ushauri bado.

Kisha uliza kalsiamu inatoka wapi. Nyama na mapafu vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mtoto wa mbwa akilelewa kwa posho na mapafu tu, mwili unaanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe: miguu inapinda, anachechemea, mfupa unaweza hata kuvunjika kwa kuruka kidogo. Mukene, yaani dagaa, ni afadhali kwa sababu analiwa na mifupa yake, ila wale wanaoanikwa chini wana mchanga, waoshe vizuri. Hata hivyo posho na mukene peke yake si mlo uliokamilika.

Je, umwongezee unga wa kalsiamu? Inategemea. Kama anakula chakula cha dukani kilichokamilika, usiongeze. Watoto wa mbwa wa aina kubwa huharibika mifupa kwa kalsiamu iliyozidi pia, kwa hiyo ushauri uliomfaa mbwa mdogo wa shangazi unaweza kumwumiza huyu wako. Kama unapika nyumbani, kiasi kipangwe na daktari kwa uzito ulioandika.

Kwenye mfuko wa chakula, achana na picha ya nyama iliyo mbele. Geuza nyuma usome maandishi madogo: je, ni lishe kamili au ya nyongeza, na ni ya umri gani? Mifuko inayofuata utaratibu wa AAFCO, chama cha Marekani cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama, husema pia kama inafaa mbwa wanaokua ambao wakiwa wazima watafikia kilo 32 hivi au zaidi. Kwa German Shepherd, sentensi hiyo ndiyo ninayoitafuta. Na mimi sinunui chakula kinachopimwa kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi, hata kikiwa nusu bei: huoni tarehe, wala hujui kimekaa na unyevu kwa muda gani.

Unyevu si jambo dogo. Akitokea wa kukwambia mahindi yenye ukungu "ni ya mbwa tu", huyo mfute kabisa. Sumu ya aflatoksini inaua ini la mbwa, na kuchemsha hakuiondoi. Mfute pia anayeruhusu vitunguu, chokoleti, zabibu au mifupa iliyopikwa. Maini na mapafu mabichi humpa mbwa tegu ambaye mayai yake humwambukiza binadamu. Ugonjwa unaotokana nayo, wa uvimbe wenye maji mwilini (hydatid), unajulikana sana Karamoja. Chemsha.

Hatua ya 4: Mchuje mkufunzi

Pilipili haimfanyi mbwa mlinzi, inamchoma tumbo. Atakayekuambia "lazima uwe dume kuu, mlaze chini" anarudia habari ya mbwamwitu waliofungiwa, aliyoiandika mtafiti Rudolf Schenkel mwaka 1947. David Mech, mtafiti wa mbwamwitu aliyeisambaza kwa kitabu chake cha 1970, aliisahihisha mwenyewe mwaka 1999: porini kundi ni baba, mama na watoto wao.

Omba kutazama somo zima uwanjani kwake. Usimwangalie mkufunzi, mwangalie mbwa: mkia uliobanwa katikati ya miguu, masikio yaliyolazwa nyuma, kulamba midomo wakati hakuna chakula. Huyo anatii kwa woga. Uliza, "Akikataa, unafanyaje?" Jibu likianza na fimbo au mnyororo wa kukaba, ondoka. Mimi natumia vipande vya kuku wa kuchemsha visivyozidi ukucha, dakika chache kwa somo.

Mbwa aliyebadilika tabia ghafla asipelekwe kwa mkufunzi kwanza. Huenda ana maumivu, au kichaa cha mbwa. Daktari kwanza.

Hatua ya 5: Jaribu kidogo

Changanya chakula kipya na cha zamani, ukiongeza taratibu kwa siku 7 hadi 10, na umpime kila wiki kwa mizani ileile. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Akitapika mfululizo au kuharisha damu, acha majaribio, mpeleke siku hiyohiyo, na ubebe mfuko wa chakula.